Simu Inapouliza, Nani Hujibu? Vita vya UKIMWI na Mitandao Katika Nchi Jirani

Mwezi Septemba mwaka 1986 wakuu wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote walikutana mjini Harare. Wakati wa mkutano huo Rais Fidel Castro wa Cuba alimpa Rais Yoweri Museveni wa Uganda, ambaye alikuwa hajatimiza hata mwaka mmoja madarakani, habari nzito. Uganda ilikuwa imepeleka wanajeshi 60 nchini Cuba kwa mafunzo. Madaktari wa huko waliwapima damu, na kati ya hao 60, wanajeshi 18 walikutwa na virusi vya UKIMWI. Kisa hicho Rais Museveni mwenyewe amekisimulia hadharani mara nyingi, na kinatajwa kuwa miongoni mwa mambo yaliyoifanya Uganda iutangaze ugonjwa huo mapema wakati mataifa mengi yalikuwa bado yanauficha.

Ndugu wasikilizaji wa vikosi vya ulinzi na usalama, yafaa kuitazama njia iliyopitiwa na habari ile. Ilitoka katika maabara ng'ambo ya bahari, ikafika kwa rais mmoja, na kutoka kwake ikafika kwa rais mwenzake. Habari ya damu ya askari ilipita juu ya kichwa cha askari. Na hata kama ingemfikia yeye kwanza, asingekuwa na la kufanya, kwa sababu dawa ya kwanza ya kupambana na virusi hivyo iliidhinishwa Marekani mwezi Machi mwaka 1987, na ilichukua miaka mingi zaidi kabla ya mwananchi wa kawaida wa Afrika Mashariki kupata dawa bila malipo. Nchini Tanzania mpango wa taifa wa kutoa dawa hizo ulianza mwaka 2004.

Hali ya leo ni nyingine kabisa. Mtu anayeishi na VVU akimeza dawa zake kila siku bila kuruka, virusi hupungua katika damu yake hata vipimo vya kawaida vikashindwa kuviona. Anaishi, anafanya kazi, analea watoto. Zaidi ya hayo, hamwambukizi mwenzi wake. Jambo hilo halikubuniwa na wenye matumaini mema tu. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi tisa, zikiwemo Malawi na Kenya, ulifuatilia wapenzi 1,763, yaani wawili wawili ambao mmoja alikuwa na virusi na mwingine hana. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizo kwa mwenzi kwa asilimia 96. Kwa hiyo adui aliyebaki si ukosefu wa dawa peke yake. Adui ni dozi iliyorukwa, ni tarehe ya kliniki iliyopita kimya, ni majibu ya vipimo yaliyokaa sandukuni mjini wakati mwenyewe yuko porini.

Hapo ndipo simu ya mkononi na mtandao vilipoingia katika vita hivi. Kwa muda wa miaka ishirini hivi nchi zinazopakana na Tanzania zimekuwa uwanja wa majaribio mengi ya aina hii. Baadhi yamefaulu, mengine yameshindwa, na yale yaliyoshindwa yanastahili kusikilizwa sawasawa na yaliyofaulu.

Jaribio linalojulikana zaidi lilifanyika Kenya kati ya mwaka 2007 na 2008. Lilihusisha kliniki tatu, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado, katika nchi ya Wamasai inayopakana na Tanzania. Wagonjwa 538 waliokuwa wanaanza dawa waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi la kwanza, la watu 273, lilipata huduma ya kawaida na zaidi ya hapo lilitumiwa ujumbe mfupi mara moja kwa juma. Kundi la pili, la watu 265, lilipata huduma ya kawaida tu.

Na ujumbe wenyewe ulisema nini? Ulikuwa neno moja la Kiswahili: «Mambo?» Haukutaja ugonjwa, wala dawa, wala kliniki. Mgonjwa alitakiwa kujibu katika muda wa saa 48, ama «Sawa» ama «Shida». Aliyejibu sawa aliachwa aendelee na kazi zake. Aliyejibu shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na muuguzi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Katika kundi lililoulizwa hali, waliosema walizingatia dawa vizuri walikuwa asilimia 62. Katika kundi lingine walikuwa asilimia 50. Maneno ya mtu kuhusu utii wake mwenyewe huweza kutiliwa shaka, na kila koplo aliyekagua bunduki analijua hilo. Lakini damu nayo ilipimwa. Waliofanikiwa kuvishusha virusi walikuwa asilimia 57 katika kundi la kwanza na asilimia 48 katika kundi la pili. Tofauti ya watu tisa katika kila mia inaweza kuonekana ndogo kwa anayeisoma karatasini. Kwa familia tisa zenyewe si ndogo. Na gharama ya kutuma ujumbe ilikadiriwa kuwa dola 20 za Marekani kwa mwezi kwa wagonjwa 100, fedha ambazo hazitoshi kujaza matangi ya magari mawili ya doria.

Wapo walioisoma habari hiyo upesi na kuhitimisha kwamba simu inatibu. Wakafikiri kwamba zikitumwa jumbe nyingi zaidi, na ndefu zaidi, na za kila siku, faida nayo itazidi. Jaribio jingine la Kenya lilikwisha kuwajibu. Katika kituo cha afya cha Chulaimbo, karibu na Kisumu, watu wazima 431 walipewa simu na kufuatiliwa kwa majuma 48. Wengine walitumiwa ujumbe kila siku, wengine kila juma. Wengine ujumbe mfupi, wengine mrefu wenye maneno ya kutia moyo. Vichupa vya dawa vilitiwa vifuniko maalumu vyenye chombo kidogo cha elektroniki kilichoandika kila mara kifuniko kinapofunguliwa, hivyo watafiti hawakutegemea maneno matupu. Miongoni mwa waliotumiwa ujumbe wa kila juma, asilimia 53 walizingatia dawa kwa kiwango cha asilimia 90 au zaidi, wakati miongoni mwa wasiotumiwa lolote walikuwa asilimia 40. Na wale wa kila siku? Hawakuwa bora kuliko wasiotumiwa lolote. Maneno ya kutia moyo nayo hayakuongeza kitu.

Hapana shaka askari wengi wanaweza kueleza sababu kuliko wataalamu. Tarumbeta inayopigwa kila saa haimwamshi mtu tena. Amri inayorudiwa mara saba kwa siku hugeuka kelele ya kambini kama nyingine. Lakini yapo na maelezo mengine, nayo ndiyo yenye uzito. Ujumbe wa Nairobi na Kajiado haukuwa amri. Ulikuwa swali, na nyuma ya swali alikuwepo mtu aliyengoja jibu. Mgonjwa alijua kwamba akisema shida, simu italia na sauti ya binadamu itamwuliza: shida gani? Dawa zimekuchafua tumbo? Umekosa nauli? Mume amezitupa?

Yaliyotokea Uganda yanaelekea huko huko. Kuanzia mwaka 2009 kampuni ya simu ya MTN, ikishirikiana na Google na taasisi ya Grameen, ilianzisha huduma ambayo mwananchi aliweza kutuma swali kuhusu afya ya uzazi na magonjwa ya zinaa, na mtambo ukamjibu wenyewe kutoka katika hazina ya majibu yaliyoandikwa tayari. Huduma hiyo ilikuwa bure. Ilikuwa sahihi kitaalamu. Watafiti walipoipima kwa kulinganisha vijiji, taarifa yao ya mwaka 2013 ilisema kwamba ujuzi wa watu kuhusu afya haukuongezeka kwa kiasi cha kuhesabika, na tabia za hatari hazikupungua. Mtambo ulijua kila kitu isipokuwa aliyeuliza.

Aidha, ule mpango wa neno «Mambo?» haukushinda kila ulikopelekwa. Baadaye ulijaribiwa Kibera, mtaa wa Nairobi wenye msongamano mkubwa, kwa watu 700 waliokuwa wamegunduliwa na virusi na walikuwa katika mwaka wao wa kwanza wa kuhudhuria kliniki. Safari hii lengo lilikuwa kuona kama ujumbe utawafanya wasiache kliniki. Mwisho wa mwaka makundi mawili hayakuwa na tofauti ya maana. Katika makundi yote mawili watu wengi walikuwa wamebaki kwenye huduma, jambo ambalo ni heri; lakini waliotoweka walitoweka kwa kiasi kile kile, wawe wameulizwa hali au hawakuulizwa. Mtu aliyehama mtaa kwa kukosa kodi ya chumba, aliyerudi kijijini, au aliyeuza simu yake, hawezi kurudishwa na neno moja. Serikali inayotaka kununua mitambo ya namna hii kwa sababu tu ilisikia sifa za jaribio la kwanza, ingefanya vyema kusoma na hili la pili kabla ya kutia sahihi mkataba.

Tofauti ni kubwa mahali ambapo tatizo ni barua kuchelewa. Zambia inatoa mfano mzuri. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi hawezi kupimwa kwa kipimo cha kawaida cha watu wazima; huchukuliwa matone ya damu kisiginoni, yakakaushwa kwenye karatasi maalumu, na karatasi hiyo ikapelekwa katika maabara kubwa. Majibu hurudi kwa njia ile ile, kwa gari, kwa pikipiki, kwa mkono wa mtu. Katika Jimbo la Kusini la Zambia ilichukua wastani wa siku 44 tangu damu kutolewa mpaka majibu kufika. Kisha majibu yakaanza kutumwa kwa ujumbe wa simu kutoka maabara moja kwa moja hadi kituo cha afya. Wastani ukashuka hadi siku 27 hivi. Mtoto mchanga mwenye virusi asiyepata dawa huweza kufa katika miezi michache ya kwanza. Kwake yeye siku 17 ni umri.

Kenya nayo ilikwenda mbele zaidi katika shughuli hiyo hiyo ya watoto. Katika hospitali sita za serikali ulijaribiwa mpango unaoendeshwa kwa mtandao, ambao humfuata kila mtoto tangu damu yake inapotolewa. Siku ya mwisho ya kupeleka damu ikipita, mtambo humwonya mhudumu. Majibu yakifika, mama hutumiwa ujumbe aje kliniki. Mtoto akikutwa na virusi na dawa haijaanza, onyo hutokea tena. Taarifa ya mwaka 2018 ilisema kwamba katika hospitali zilizotumia mpango huo asilimia 85 ya watoto walipata huduma yote ya upimaji mpaka mwisho. Katika hospitali nyingine walikuwa asilimia 60. Hapa tena mtambo haukumtibu mtoto yeyote. Uliwaonyesha wahudumu ni nani aliyesahaulika, na wahudumu wakanyanyuka vitini.

Rwanda ilikuwa imekwisha kutambua faida hiyo tangu mwaka 2005, vituo vyake vya tiba vilipoanza kutoa taarifa za wagonjwa na akiba ya dawa kwa njia ya simu na mtandao, hata vile vilivyokuwa juu ya milima bila umeme wa kutegemewa.

Sasa yapo mambo yanayowahusu moja kwa moja watu waliovaa sare.

Raia akianza dawa Kajiado, kwa kawaida ataendelea kuishi Kajiado. Askari hana hakika hiyo. Leo yuko makao makuu, mwezi ujao yuko kozi, baada ya hapo yuko mpakani, na mwaka unaofuata amepelekwa kulinda amani nchi za mbali. Askari polisi naye huhamishwa mkoa kwa mkoa kwa taarifa ya siku chache. Jalada lake la kliniki hubaki alikoliacha. Mganga wa kikosi kipya hamjui, naye hataki kujieleza upya mbele ya mtu ambaye jioni atakuwa naye mesi. Basi anakaa kimya, dawa zinakwisha, na virusi vinapanda. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililizungumzia suala la UKIMWI na walinzi wa amani katika azimio lake namba 1308 la mwezi Julai mwaka 2000, na hilo lilikuwa azimio la kwanza la Baraza hilo kuhusu suala la afya. Lakini azimio halimtafutii askari mmoja aliyehamishwa dawa zake za mwezi ujao. Kumbukumbu ya mtandaoni inayomfuata mtu popote aendako inaweza.

Inaweza pia kumdhuru. Hapa ndipo penye kazi ngumu kuliko yote, na ndipo wengi wa wauzaji wa mitambo hupita upesi.

Katika bweni la askari simu haina siri. Ikilia wakati mwenyewe yuko bafuni, mwenzake ataitazama. Ujumbe unaosema «kumbuka dawa zako za VVU» ukisomwa na jicho moja lisilohusika, umekwisha kuwa tangazo. Ndiyo maana neno «Mambo?» lilikuwa na hekima ndani yake, kila kijana wa Afrika Mashariki hutumiwa neno hilo mara kumi kwa siku na rafiki zake. Vilevile askari aliye lindoni hawezi kuruhusiwa simu, na hapaswi. Kama mpango unahesabu kimya cha saa 48 kuwa dalili ya shida, basi muuguzi lazima ajue kwamba kuna watu ambao kimya chao ni cha kikazi, tena ajue bila kuelezwa wako wapi. Jambo hilo halijawahi kuwa gumu kwa jeshi lenye mpangilio: siku ya kujibu huweza kuwekwa kabla ya kwenda lindo au baada ya kurudi, kwa makubaliano ya mgonjwa na mganga.

Halafu ipo hatari ya orodha. Mwezi Januari mwaka 2018 ulimwengu ulishangaa ilipogundulika kwamba programu ya mazoezi iitwayo Strava, ambayo watu huweka katika simu na saa zao ili kupima mwendo wa kukimbia, ilikuwa imechapisha ramani iliyoonyesha njia za watumiaji wake duniani kote. Katika majangwa yenye giza ramani hiyo iling'aa sehemu chache, na sehemu hizo zilikuwa kambi za kijeshi. Askari walikuwa wamekimbia mazoezi yao ya asubuhi, na miguu yao ikachora mipaka ya kambi kwa macho ya kila mtu. Hakuna aliyekusudia uhaini. Sasa na ifikiriwe orodha ya askari wanaotumia dawa, kikosi kwa kikosi, majina na namba za simu, imehifadhiwa katika kompyuta ya mkandarasi nje ya nchi. Orodha hiyo ni siri ya wagonjwa na wakati huo huo ni siri ya ulinzi. Mwenye kuipata anaweza kumtisha mtu mmoja mmoja, na anaweza pia kuhesabu nguvu ya kikosi.

Si lazima adui atoke nje. Mwezi Februari mwaka 2015 serikali ya Kenya iliagiza makamishna wa kaunti wakusanye takwimu za watoto wa shule wanaoishi na VVU, pamoja na majina yao, na habari za walezi wao. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kupanga huduma. Wananchi na mashirika ya haki walikwenda mahakamani. Mwezi Desemba mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua kwamba agizo hilo lilivunja haki ya faragha iliyomo katika katiba, na ikaamuru majina yaliyokwisha kukusanywa yawekwe katika namna ambayo haiwezi kumfungamanisha mtu na hali yake. Ikumbukwe kwamba aliyetumwa kukusanya alikuwa mtumishi wa utawala. Polisi au askari anayetumwa kazi kama hiyo kesho, katika nchi yoyote ya ukanda huu, ana haki ya kujua kwamba mahakama ya jirani ilikwisha kulitazama jambo hilo na kusema nini. Tangu wakati huo Kenya na Uganda zimetunga sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 nayo inalinda siri ya majibu ya mgonjwa, na marekebisho yake ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe. Kujipima chumbani, kwa kifaa kinachosoma majimaji ya mdomoni, kumewavuta wanaume wengi ambao wasingekanyaga kliniki mchana kweupe. Kenya ilikwisha kufungua mlango huo mwaka 2017. Hata hivyo kipimo cha nyumbani ni cha kwanza tu. Lazima majibu yathibitishwe kituoni, na anayejipima peke yake usiku anahitaji namba ya kupiga ambayo mtu ataipokea.

Yapo pia masuala ya utafiti wenyewe. Siku hizi watafiti hupenda kuuliza watu maswali kwa simu na mtandao, maana ni rahisi na watu hufunguka zaidi pasipo kutazamana. Hilo ni kweli. Mtu husema kwenye kioo cha simu yale ambayo hawezi kumwambia daktari, na watu ambao jamii au sheria huwafanya wajifiche hupatikana huko kuliko kliniki. Lakini asiye na simu hahesabiwi. Mwanamke wa kijijini anayetumia simu ya mumewe hatajibu maswali kuhusu mumewe. Kuruta ambaye simu imefungiwa stoo wakati wa mafunzo hayumo. Takwimu za mtandaoni zikisomwa kana kwamba ni za taifa zima, zitapanga dawa kwa ajili ya wenye simu. Jeshi la Polisi la Tanzania linayo historia yake ya heshima katika utafiti wa ana kwa ana: kuanzia mwaka 2007 polisi wa Dar es Salaam, watu 60, walijitolea kuchanjwa katika jaribio la chanjo ya VVU. Chanjo kamili haijapatikana popote duniani. Walichotoa polisi wale ni damu yao na muda wao, baada ya kuelezwa kila kitu na kukubali, na kiwango hicho cha maelezo na ridhaa ndicho kinachopasa kudaiwa hata pale mtafiti anapokuja kwa njia ya kioo cha simu.

Swali la mwisho ni la fedha. Mipango mingi iliyotajwa ilianza kwa fedha za nje. Tarehe 20 Januari mwaka 2025 serikali mpya ya Marekani iliamuru misaada yake ya nje isimamishwe kwa siku 90 ili ikaguliwe. Mfuko wake wa UKIMWI, ulioanzishwa mwaka 2003, ndio uliokuwa unalipa sehemu kubwa ya kazi hii Kenya, Uganda, Zambia, Malawi, Msumbiji na Tanzania. Katika nchi kadhaa wahudumu waliolipwa na fedha hizo walirudishwa nyumbani kwa barua fupi. Baadhi ya huduma ziliruhusiwa kuendelea baadaye, nyingine hazikurudi. Kwa mpango wa kuwauliza watu hali zao, pigo la namna hiyo lina sura yake ya pekee. Mtambo hauhitaji mshahara. Unaweza kuendelea kutuma «Mambo?» kila Jumatatu asubuhi, na mgonjwa akajibu «Shida», na jibu lake likaingia katika kompyuta ambayo mbele yake kiti ni kitupu. Hilo ni baya kuliko kutoulizwa, kwa sababu mtu aliyeitika mara mbili na asijibiwe hataitika mara ya tatu.

Majeshi ya ukanda huu yana nafasi ambayo hospitali za raia hazina. Waganga na wauguzi wa vikosi wako katika orodha ya mshahara ya serikali. Redio zao, simu zao na mitambo yao ya mawasiliano ni mali yao, na mafundi wake ni watu wao. Kutunza siri ni kazi waliyofundishwa. Kama kuna mahali ambapo kumbukumbu za wagonjwa zinaweza kuhifadhiwa ndani ya nchi, kwa namba badala ya majina, bila kungoja ruzuku ya mtu, ni huko.

Na muda wa kujipanga si mrefu, maana dawa zenyewe zinabadilika. Mwaka 2024 jaribio lililofanywa Uganda na Afrika Kusini lilionyesha kwamba miongoni mwa wanawake 2,134 waliochomwa sindano ya kinga iitwayo lenacapavir, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Mwezi Julai mwaka 2025, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Kigali, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuipendekeza sindano hiyo kwa ajili ya kinga. Huchomwa mara moja kila miezi sita. Hakuna tena kidonge cha kila siku cha kukumbushwa, wala kichupa cha kuficha chini ya godoro la bwenini. Iko tarehe moja tu, na ikipita kinga hupungua bila dalili yoyote. Katika miezi sita kikosi huweza kuwa kimehama mara mbili, namba ya simu imebadilishwa, na muuguzi aliyechoma sindano ya kwanza amepelekwa kozi.